Muulize Bibi Shamba: Chakula cha mwezi, barabara ikikatika

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Niko Kilwa Masoko, nyumbani tuko sita, wawili watoto wadogo. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar ilikatika pale Somanga. Dukani kwetu unga ulipanda bei, mafuta ya kula yakawa ya kutafuta kwa tochi. Sitaki kukutwa hivyo tena. Nataka kuweka chakula cha mwezi mzima, ila sina friji wala stoo, na mama mkwe anasema kurundika chakula ni kuita njaa. Nianzie wapi?
Mama wa Kilwa Masoko

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na hesabu, maana wengi hukimbilia dukani kabla ya kuijua. Mgao unaotumika sana kwenye misaada, kwa mtu mmoja kwa siku, ni gramu 400 za nafaka, gramu 60 za mikunde, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Kwa watu sita siku 30, hizo ni kilo 72 za nafaka, kilo 11 hivi za mikunde, mafuta lita 5 na chumvi kilo moja. Sukari, majani ya chai na dagaa utaongeza mwenyewe. Watoto hawamalizi mgao huo, lakini usiupunguze. Barabara ikikatika, hukosi shemeji atakayepiga hodi wakati wa kupakua.

Usinunue vyote kwa mkupuo. Mahindi yachukue yanaposhuka bei baada ya mavuno, na mbaazi zichukue Agosti au Septemba, Lindi na Mtwara zinapokuwa zimejaa. Umekaa juu ya mbaazi, mwanangu, sioni kwa nini ulipie nauli ya maharage kutoka mikoa mingine. Changanya na choroko, kwa sababu wakati wa shida chakula kisichoiva upesi ni mzigo: maharage makavu yanakula mkaa kuliko watu wanavyoyala. Loweka mbaazi usiku kucha kabla ya kupika. Na mkaa wenyewe ni sehemu ya akiba. Gunia moja likae juu ya chanja, siyo chini sakafuni, na viberiti vifungwe ndani ya chupa kavu.

Sasa kuharibika. Adui wako wa kwanza ni unyevunyevu, na huko pwani uko hewani. Wa pili ni wadudu, fukusi na yule dumuzi ambaye wakulima wengine humwita Scania kwa jinsi anavyosaga mahindi kuwa vumbi. Wote wawili unawashinda kwa njia moja: nafaka iliyokauka vizuri, ndani ya chombo kisichopitisha hewa. Mifuko ya PICS imetengenezwa hivyo, mifuko miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kufumwa nje. Wadudu wanamaliza hewa iliyobaki, kisha wanakufa wenyewe bila dawa. Ni mizuri kwa gunia zima. Kwa nyumba yako mimi napendelea madumu ya lita 20. Panya hutoboa mfuko, na kila ukiufungua kuchota kidogo umewapa wadudu pumzi mpya. Dumu moja huingia kilo 15 hivi za mahindi, kwa hiyo matano yanakutosha, na unafungua moja tu huku manne yakiwa yamelala. Mbaazi zako zitaenea kwenye dumu la lita 10 na chupa tatu za maji za lita moja na nusu.

Dumu lioshwe, likauke kabisa, lisiwe limewahi kubeba mafuta ya taa wala dawa ya shamba. Jaza hadi shingoni huku unalitikisa ili hewa isibaki, weka kipande cha nailoni juu ya mdomo, kisha kaza kifuniko. Lakini kabla ya yote pima ukavu. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, weka vijiko vichache vya chumvi iliyokauka, ongeza mahindi hadi robo ya chupa, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani, juu ya turubai. Nafaka mbichi ndani ya dumu lililofungwa itaoza, na hutajua mpaka siku unayoihitaji.

Unga usiuwekee tumaini kubwa. Dona lina kiini cha punje chenye mafuta, linachacha mapema. Sembe hustahimili zaidi. Weka nafaka nzima, saga ya wiki mbili tatu. Ila umeme ukikatika mashine nayo inalala, kwa hiyo kilo 10 za sembe ziwepo daima, na kati ya yale madumu matano mawili yawe ya mchele, ambao hauhitaji mashine.

Vitoweo usinunue vya makopo kama fedha ni ya kuhesabu. Papa mkavu na ng'onda mnao, ila vinavuta unyevu, hivyo vianikwe tena kila jua linapotoka. Nazi weka zisizofuliwa, zinakaa muda mrefu kuliko zilizofuliwa.

Maji: lita 20 kwa siku ndiyo ya kunywa na kupikia tu, kwa watu sita. Kisima kikichanganyika na maji ya mafuriko, chuja kwa kitambaa safi, kisha tumia kidonge cha Waterguard kama pakiti inavyoelekeza na usubiri dakika 30. Asiye na kidonge achemshe.

Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila dumu. La zamani ndilo linaloliwa kwanza, jipya linakwenda nyuma. Ndiyo maana nakwambia uweke kile mnachokula kila siku. Chakula kigeni kilichosubiri dharura miaka miwili, watoto watakikataa siku hiyo hiyo.

Kuhusu mama mkwe, usibishane naye. Muulize kwao walihifadhi wapi mahindi ya mbegu na ya kula hadi msimu mwingine. Atakusimulia dari la juu ya meko, moshi ukipita, au kihenge cha udongo. Kisha mpe kazi ya kusimamia madumu. Wakwe wakipewa ufunguo wa chakula hubadilika haraka sana.

SWALI: Nimepanga chumba kimoja Mbagala, napikia koridoni. Mambo ya madumu matano yananihusu kweli?
Mpangaji

JIBU: Hayakuhusu. Wewe weka ya wiki mbili: kilo 6 za nafaka, kilo moja ya choroko, chupa ndogo ya mafuta, chumvi, sukari, dagaa. Vyote vinaingia kwenye ndoo moja yenye kifuniko chini ya kitanda, juu ya matofali mawili maana Mbagala nayo maji huingia ndani. Chukua mchele badala ya mahindi. Mtungi wa gesi ukiisha usingoje mwisho wa mwezi kuujaza.

SWALI: Nipo Kondoa. Mahindi niliyoweka yamepata ukungu wa kijani kwenye gunia moja. Jirani anasema nikoboe na kuosha, ukungu utaisha. Au niwape kuku?
Mkulima

JIBU: Ukungu utaisha machoni, sumu itabaki. Huo unaweza kuwa na sumukuvu, na joto la kupika haliimalizi. Kukoboa hupunguza tu. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumu hii kwenye mahindi, watu 68 waliugua na 20 wakafa, kwa hiyo kwenu si hadithi ya mbali. Kuku usiwape, na ng'ombe wa maziwa ndiyo kabisa, kwa sababu sumu hupita hadi kwenye maziwa wanayokunywa watoto. Fukia gunia hilo mbali na kisima. Mahindi ya magunia mengine yamwage juu ya turubai leo hii, toa punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, anika upya, upime kwa chumvi kama nilivyomweleza mwenzako wa Kilwa. Gunia lolote linalonuka uvundo liende shimoni pamoja na la kwanza, hata kama huoni ukungu.