Usiombe ziara, omba chapati

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nafundisha Elimu ya Biashara kidato cha pili hapa Moshi. Muhula uliopita niliwapeleka wanafunzi 48 kwenye maduka na migahawa iliyo karibu na shule. Tulipokelewa vizuri, ila tulipouliza mauzo ya siku ni shilingi ngapi, kila mwenye biashara akawa na haraka. Wanafunzi wamerudi na picha, na insha zinazofanana. Nifanyeje ili wajifunze ujasiriamali kweli?

JIBU: Mwalimu, pole na hongera. Mimi nilianza vibaya kuliko wewe: nilipeleka basi zima kiwandani, tukatembezwa dakika arobaini, tukanyweshwa soda, basi.

Swali lako la mauzo ya siku, masikioni mwa mwenye duka, ni swali la TRA, watoza kodi. Hata aulize mtoto aliyevaa sare, mwenye duka anaona mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Kwa hiyo usiombe kuijua biashara yake yote. Omba bidhaa moja tu, na swali moja linalomsumbua kuhusu bidhaa hiyo.

Chukua mama ntilie wa Mbuyuni na chapati zake. Wanafunzi sita wakae naye, waandike kila kinachoingia. Tuseme unga kilo 2 ni sh 4,000, mafuta 2,000, chumvi na sukari 200, mkaa 1,000. Jumla 7,200, zimetoka chapati 24, yaani sh 300 kila moja. Anauza 500. Hapo darasa zima litashangilia: faida 200 kwa chapati, 4,800 kwa asubuhi moja!

Waache washangilie, kisha warudi kwake wiki inayofuata. Msaidizi analipwa kiasi gani? Sh 2,000. Ushuru wa soko? 500. Gharama sasa ni 9,700. Chapati ngapi ziliungua, zililala au ziliishia kwa watoto nyumbani? Tatu. Zimeuzwa 21, sawa na 10,500, na faida imeshuka hadi 800. Halafu mama anafungua kile kijidaftari chenye jalada lililolowa mafuta: chapati nne zimekopwa. Fedha aliyonayo mkononi ni 8,500, pungufu ya alichotumia kwa sh 1,200. Faida ipo, ila imekaa kwa fundi baiskeli wa jirani. Nimefundisha tofauti ya faida na fedha taslimu ubaoni kwa miaka, na sijaona darasa likiielewa kwa kasi ya kijidaftari hicho.

Safari ya tatu ndiyo ya ujasiriamali wenyewe. Mama anawauliza: nipandishe iwe 600, nipunguze ukubwa, au nifunge mikopo? Wabishane, wampelekee pendekezo moja, alijaribu wiki moja akitaka. Akilikataa, waandike sababu zake. Kuna mama aliwaambia vijana wangu kwamba wateja wake wanaijua chapati yake kwa mkono, ukiipunguza wanahama kabla hujamaliza kuikunja. Hilo ni somo la soko, na limetoka kwa mwenye soko.

Gawa wanafunzi wako makundi manane ya watu sita, biashara nane za kufikika kwa miguu. Kwa mama ntilie nendeni saa tisa alasiri, vyombo vikishaoshwa. Saa saba mchana utafukuzwa, na ni haki yake. Mwachie nakala safi ya hesabu ya bidhaa yake. Usimwahidi wateja.

Barua ya mkuu wa shule na ridhaa ya wazazi ziwepo mapema. Weka wazi pia kwamba hawaendi kufanya kazi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na kidato cha pili utakuta wengine hawajafika. Ukiona kundi limeanza kuosha sufuria, lirudishe shule siku hiyohiyo. Nimeona ushirikiano mzuri ukigeuka vibarua vya bure hivihivi, kwa upole, bila mtu kukusudia.

Jambo la mwisho ni kalenda. Wanafunzi wako wataona biashara za Moshi siku za shule tu. Masika wageni wa mlimani hupungua, wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, hukosa safari, na kurasa za madeni huongezeka. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani, mji unafurika, na shule imefungwa. Kwa hiyo kabla ya likizo kila kundi lichore daftari la safu nne: tarehe, zilizotengenezwa, zilizouzwa, zilizokopwa. Wamkabidhi mwenye biashara, na Januari walifuate. Likirudi nusu tupu, anzeni na kurasa zilizojazwa.