Kabla hujanunua ruta yenye QoS, keti hapa kwanza

Wiki hii nimemwona kijana wa tatu akifungua ukurasa wa ruta, akawasha kitufe cha QoS, yaani cha kupanga data ya nani ipite kwanza, akaburuta kompyuta ya mteja hadi kileleni mwa orodha, akapima spidi, akafunga begi lake. Nikamuuliza, "Kwenye QoS umeweka spidi ngapi?" Akanijibu, "Inajipima yenyewe, mkuu." Nikapangusa miwani ili nisiseme neno. Sasa nalisema.

1. Ulizeni kwanza foleni iko wapi. Ruta hupanga foleni iliyo mikononi mwake tu. Laini ikiwa na megabiti 10 za kupakia, nayo ruta inasukuma mia kuelekea kwenye modemu, foleni itajipanga ndani ya modemu, na modemu haina habari na orodha yako ya vipaumbele. Aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kutoka, basi. Kwa hiyo ruta ya kununua ni ile inayokuachia uandike spidi kwa mkono wako, ya kupakua mahali pake na ya kupakia mahali pake. Kama ina kitufe cha kuwasha na kuzima tu, pamoja na picha ya dereva wa magari ya mashindano, iacheni dukani.

Haya sikuyasoma popote, yalinitoa jasho. Dada yangu mkubwa hufundisha kwa video kila jioni. Nilimchagulia ruta yenye antena nane kwa sababu boksi liliandikwa QoS kwa herufi kubwa. Nikampa kompyuta yake kipaumbele cha juu, simu za watoto nikazitupa chini kabisa. Kwenye sehemu ya spidi nikaandika 50 na 50, kwa kuwa tangazo la kifurushi chake lilisema 50. Nikapima, ikasoma vizuri, nikanywa chai, nikaondoka kifua mbele.

Jioni yake sauti ikaanza kukatika. Nikarudi. Nikabadilisha kebo. Nikahamisha ruta hadi juu ya kabati. Nikawafungia watoto michezo, wakaninunia mwezi mzima, na sauti ikaendelea kukatika. Mwishowe nikamwambia dada, tena kwa uso wa mtaalamu, kwamba kosa ni la mtoa huduma na ahamie kifurushi cha juu. Akahama, akilipa kwa fedha yake. Kupakua kukapanda hadi 100, kupakia kukabaki 10 palepale kulipokuwa tangu mwanzo, nami nikaandika 100 na 100. Akanipigia katikati ya kipindi: "Mdogo wangu, wanafunzi wananiona nimeganda mdomo wazi. Hivi hii kazi unaijua kweli?"

Usiku ule nilikaa kwake na kufanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza: nikaacha pingi, kile kipimo cha muda ambao ujumbe mdogo huchukua kwenda na kurudi, ikiendelea huku simu ya mmoja wa watoto ikipakia picha zake kwenye hifadhi ya mtandaoni. Pingi ikatoka milisekunde 18, ikavuka 900. Picha za sherehe ya shule zilikuwa zimejaa kwenye modemu, sauti ya dada ikisubiri nyuma yake, na ruta yangu ya antena nane haikuona msongamano wowote. Nikafuta 100 kwenye kupakia, nikaandika 9. Pingi ikashuka hadi ishirini na kitu. Miezi minne ya lawama, na dawa ilikuwa tarakimu moja. Watoto niliwaomba radhi. Dada nilimwambia nusu ya ukweli.

2. Nusu nyingine ni prosesa. Spidi kubwa zinazoandikwa kwenye boksi mara nyingi hupatikana pale pakiti za data zinapopita njia ya mkato ya chipu bila kuisumbua prosesa, na ukiwasha QoS njia hiyo kwa kawaida hufungwa. Ruta ya dada iliposhika kazi kwa kweli, kupakua kuliishia sitini na kidogo kati ya ile mia aliyokuwa akilipia. Ulizeni ruta inafikisha ngapi QoS ikiwa imewashwa. Muuzaji akikutajia spidi ya wifi, hajakujibu.

3. Tafuteni CAKE au fq_codel, mbinu za kupanga foleni ndani ya ruta. Hizi hazihitaji orodha: hutenganisha kila mtiririko, na mtiririko mwembamba kama wa simu ya sauti haukai nyuma ya mafuriko ya picha. fq_codel imeandikwa kwenye RFC 8290, hati ya kiufundi ya intaneti ya mwaka 2018, na CAKE iliingia kwenye kerneli, yaani kiini, ya Linux 4.19 mwaka huohuo, kwa hiyo si mambo ya maabara. Kama programu ya kiwandani haina, angalieni kama OpenWrt, programu huria ya ruta, inakubali modeli hiyo pamoja na toleo lake la maunzi, maana v1 na v2 zinaweza kufanana nje zikawa vitu viwili tofauti ndani. Ninayo v2 moja nyumbani. Inazuia mlango usijifunge.

4. WMM ni foleni ya hewani, kwenye wifi. Laini yako haijui.

5. Andikeni asilimia 85 hadi 95 ya spidi mliyopima wenyewe, si ya tangazo, na kifurushi kikibadilika mrudi kubadilisha.

6. Laini ya 4G hupanda na kushuka, kwa hiyo pimeni saa ya msongamano, msipime alfajiri mkajisifu.

7. Pimeni pingi wakati wa mzigo, tena mzigo wa kupakia.

Yule kijana nilimrudisha kwa mteja juzi. Jioni akanitumia picha ya skrini: pingi 24, laini imejaa, mteja anacheka. Nilikuwa naandika jibu la kumsifu ujumbe wa pili ukaingia: "Mkuu, kwani megabiti na megabaiti si kitu kimoja?"