Na Ng'ambo nako ni mjini

Mhariri, wiki hii mmeuliza: je, hoteli zinaupotezea Mji Mkongwe wa Unguja sura yake? Zinaupotezea, ndiyo, na sina la kuongeza hapo. Langu mimi ni kwamba kila ukitajwa mji wetu, maneno huishia Darajani, ukingoni mwa Mji Mkongwe. Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani la Mji Mkongwe, ilipoporomoka Desemba 2020, tulipewa pole na dunia nzima. Mitaa yetu ya Ng'ambo, upande wa pili wa mji, ilipovunjwa miaka ya 70 kupisha majumba ya maendeleo pale Michenzani, kwa ramani ya Wajerumani Mashariki, nani alitupa pole? Na UNESCO ilipouandika Mji Mkongwe kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, sisi tulibaki ng'ambo ya barabara, kama jina letu.

Bibi yangu alikuwa na nyumba ya udongo, baraza mbele, ua nyuma. Ikavunjwa, akapewa fleti ghorofa ya nne. Alifia humo. Siku ya mazishi jeneza lilikataa kukata kona ya ngazi. Tukalipindua huku na huku, tukajaribu kulisimamisha, mzee mmoja akatupigia ukelele: "Hasimamishwi maiti, nyie!" Tukarudi nalo juu. Wanawake waliokuwa wakipandisha ndoo za maji, maana mifereji ya juu ilikuwa haitoi, wakajibana ukutani na ndoo zao kichwani. Mwisho bibi akashushwa mikononi, kafungwa ndani ya mkeka, jeneza likamngoja chini.

Hasira ile ninayo mpaka leo. Lakini hebu niseme na yaliyofuata. Fleti haina baraza, wanaume wakae wapi? Majirani wakashusha majamvi, birika na masufuria, wengine watu wa ngazi za mbali ambao hata hatukuwa tukijuana nao. Wali wa msiba ukapikwa kwa kuni chini ya madirisha, moshi ukapanda ghorofa zote, wala sikumuona aliyefunga dirisha. Hitma ikasomwa hapo hapo, magari yakipita.

Kwa hiyo nikisema Michenzani iliua mtaa nitakuwa namsingizia mtu. Mtaa ulihamia chini ya jumba. Ninachokiogopa zaidi ni ile nyumba ya Mji Mkongwe, Shangani au Kiponda, iliyotengenezwa vizuri, mlango wa nakshi umepakwa mafuta unang'aa, baraza limefagiliwa, na mwaka mzima haitoki maiti wala bibi harusi.

Basi, wakija na mpango wa kuyavunja majumba yale, mimi nitakuwa wa kwanza kupinga. Ila kwanza wayatengeneze mabomba na ngazi, na wasiniulize mbona sikai huko. Mimi nimeshajenga Fuoni, nyumba ya chini, ina ua.

Msomaji, Fuoni, Unguja