"Historic" au "historical" kwenye kibao?

Kaka, kwa kibao cha wageni cha Nguzo ya Vasco da Gama hapa Malindi, andika "historic". Neno hilo lina sifa ndani yake: kitu kina uzito katika historia. Vasco da Gama kufika hapa mwaka 1498 na kupata rubani wa kumvusha hadi India ni tukio "historic", tulipende tusilipende. "Historical" halisifu, lasema tu kitu chahusu mambo ya kale. Daftari la muuza papa wa zamani ni "historical" hata likiwa na madeni matupu. Ramani za kale vilevile. Na ukiandika "an historic", wengine watakubishia. "A historic" ndiyo ya kawaida siku hizi.