Hesabu mistari ya pini kabla ya kununua adapta

Umebana maiki kwenye kola, umerekodi mahojiano pale Mikindani, ukifungua faili sauti inatokea mbali kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Maiki ni nzima. Simu haikuitambua, ikarekodi kwa maiki yake yenyewe.

Tazama pini ya maiki, ile ya milimita 3.5, uhesabu mistari ya plastiki inayoizunguka. Ikiwa na mistari miwili, ni ya kamera. Mitatu, ni ya simu. Katika simu za sasa, kuanzia nchani ni sikio la kushoto, kisha la kulia, kisha ethi (njia ya ardhi), na maiki ipo mwisho kabisa, shinani. Pini ya mistari miwili ina ethi ndefu huko shinani, inagusa sehemu zote mbili, njia ya maiki inapigwa shoti. Simu inadhani umechomeka spika za masikioni tu. Dawa yake ni adapta yenye tundu la mistari miwili upande mmoja na pini ya mistari mitatu upande wa pili. Laptopu yenye tundu moja la pamoja inataka hiyo hiyo. Yenye matundu mawili inataka kinyume chake: adapta inayopokea pini ya simu na kuigawa mara mbili, maiki huku, spika kule.

Maiki ya kola ya Boya BY-M1 ina pini ya simu tayari, lakini angalia swichi yake: kwenye simu haitumii betri, kwenye kamera inadai betri ndogo ya LR44.

Simu isiyo na tundu la duara ndiyo inayomaliza watu hela. Adapta za Taipu C zinafanana kwa sura, ila nyingine zina chipu ya kubadili sauti na nyingine ni waya mtupu, unaofanya kazi kwenye simu chache tu. Nenda dukani na maiki yako, rekodi hapo hapo huku ukiigusa maiki kwa ukucha, kisha sikiliza kabla ya kulipa. Ikigoma, washa OTG (inayoiwezesha simu kutumia vifaa vya USB) kwenye mipangilio. Oppo huizima yenyewe baada ya dakika 10 bila kutumika.

Maiki kubwa za ukumbini, zenye plagi nene ya XLR iliyo na pini tatu ndani, usizilazimishe kwa waya wa kubadilisha. Sauti yake ni ndogo mno kwa simu, na zile za kondensa zinataka volti 48. Tena waya ukipeleka pini ya 2 kushoto na ya 3 kulia, mawimbi ni kinyume. Ukiyaunganisha kuwa mono, yaani njia moja ya sauti, yanafutana. Tumia miksa yenye USB.

Kwa ufukweni Shangani wakati wa kusi, sponji haitoshi, vika maiki manyoya. Chumvi ya hewani nayo hula pini: ukisikia mkwaruzo unapouzungusha waya, futa pini kwa spiriti, iache ikauke, ndipo uchomeke.