Nilisilimu nikiwa dukani: je, shahada yangu ina kasoro?

SWALI: Sheikh, asalaam alaykum. Nilisilimu miaka sita iliyopita nikiwa nimeajiriwa duka la vitambaa Kariakoo. Majuzi mhadhiri mmoja alisema Uislamu wa Mali, dola ya kale ya Afrika Magharibi, enzi za Mansa Musa ulikuwa wa biashara tu. Watu walitamka shahada wapate chumvi na wateja. Tangu siku hiyo wenzangu wananiita "Mansa", na naona aibu hata kwenda nao adhuhuri. Je, niko sawa?

JIBU: Wa alaykumus salaam, ndugu yangu. Uko sawa. Mtume (s.a.w.) alimkemea swahaba wake Usama aliyemuua mtu baada ya kutamka shahada, akidhani kaitamka kwa kuogopa silaha: je, ulimpasua moyo ukaona? Ikiwa upanga haukuitia kasoro shahada ile, jora la kitenge litaitia?

Hoja ya mhadhiri ndiyo iliyonikera. Dhahabu ya Mali ilitoka kwenye machimbo ya Bambuk na Bure, kwa wachimbaji wasiokuwa Waislamu, na Wangara, wafanyabiashara Waislamu, waliinunua hivyo hivyo. Al-Umari, mwandishi Mwarabu wa karne ya 14, ameandika kuwa wafalme wa Mali waliona kila mji wa dhahabu uliotekwa na adhana ikasikika, dhahabu ilipungua. Wakawaacha wachimbaji na dini yao, wakatoza kodi. Basi kama ni faida, faida ilikuwa kwenye kutosilimu! Hilo hakulisema.

Kisha Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mali mwaka 1352. Huyu hakuwa mtu wa kubembeleza. Mansa Suleiman, mtawala wa Mali wakati huo, alimpelekea zawadi ya mikate mitatu, kipande cha nyama na kibuyu cha maziwa ya mgando, na mgeni akaishia kuicheka. Lakini ameandika kuwa Ijumaa usipowahi msikitini hupati pa kuswali, hivyo watu huwatanguliza vijana wao na mikeka. Ameona pia watoto waliofungwa minyororo mpaka wahifadhi Qur'ani. Minyororo siiungi mkono hata kidogo, ila nani atamfunga mwanawe hivyo kwa ajili ya mteja wa chumvi?

Ndiyo, misafara ya ngamia ndiyo iliyowafikishia dini. Wewe umefikishiwa na tajiri wako wa duka. Kuna ubaya gani?

Usijibizane nao mbele ya wateja. Wakizidi, mwambie tajiri faraghani, kwani kumdhihaki aliyesilimu ni dhambi yao, wala si utani. Lakini adhuhuri usiiache, tena tangulia. Mansa kwa Kimandinka ni mfalme. Wakikuita, itika, uwaambie wakutangulizie mkeka.