Re: Lile "handaki la matao" Sydney lilikuwa nini hasa?

Ndugu, umeuliza kama lile handaki la matao pale Paddington, Sydney (leo ni bustani iitwayo Paddington Reservoir Gardens), lilikuwa kanisa la chini ya ardhi. Hapana, lilikuwa tangi la maji! Ukubwa wake ndio unaodanganya, maana sisi tukisikia birika tunawaza lile la kutawadhia msikitini.

Ujenzi ulianza 1864, maji yakaingia 1866, na sehemu ya pili ikaongezwa 1878. Maji yalisukumwa na mitambo ya mvuke kutoka vinamasi vya Botany. Walilifunika kwa sababu maji yaliyotulia yakipigwa na jua huota mwani, tena huingia vumbi na uchafu wa ndege. Matao ya matofali yamekalia nguzo za mti mgumu wa kwao, ironbark. Nguzo za mbao ndani ya maji! Fundi wetu yeyote angekataa, lakini nyingi zimesimama mpaka leo.

Lilistaafu 1899 baada ya tangi jipya kujengwa mahali pa juu zaidi, Centennial Park. Likageuka ghala, kisha gereji na kituo cha mafuta, hadi sehemu ya paa ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Walipolifungua kama bustani mwaka 2009 hawakuziba lile pengo. Unashuka ngazi, mbingu iko juu yako na mimea inaota katikati ya matofali. Nadhani hapo walicheza vizuri, kuliko wangelipaka rangi likafanana na ukumbi wa harusi.

Liko Oxford Street, na kuingia ni bure.